Wakazi Wote Wafike

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea kibanda cha kinyozi, likitazamana na geti la Nyumba ya Wazee ya serikali. Linabeba watu wanne waliokaa vizuri, au sita waliobanana, na uongo usio na idadi. Asubuhi hiyo lilikuwa na watatu: kinyozi mwenyewe, aliyebandikwa jina la Waziri kwa kuwa hajawahi kuiona serikali ikikosea; fundi viatu aitwaye Methali, ambaye methali anazo tele ila hajui pa kuziweka; na Mama Mashuka, dobi wa Nyumba ya Wazee, aliyetoka kunywa kahawa akiwa bado na povu viwikoni. Mtaani kulikuwa na habari moja tu. Serikali ilitaka kuwahamisha wazee, jengo liwe gereza, na mkutano wa maoni ulikuwa saa nne asubuhi hiyohiyo, kwenye ukumbi wa shule ng'ambo ya barabara.

Kwa Mama Mashuka hili halikuwa la kupigia soga. Shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka mitatu, alikuwa mle ndani, kitanda cha kumi na saba. Angepelekwa kituo kilicho safari ya siku nzima, na dobi angebaki kumwona mara moja kwa mwaka, akijaliwa. Alikuwa hajamwambia. Kila alipojaribu, aliishia kumkunjia shuka upya.

— Saa nne kasorobo hii, alisema. Jamani, twendeni.

— Tukafanye nini? Waziri alipuliza kahawa yake. Serikali ikikuomba maoni, ujue imeshaamua. Ile ni adabu tu.

— Na wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, Methali akaongeza.

— Mgeni gani? Mama Mashuka akauliza.

— Mfungwa.

— Mgeni huyo atakuja kukuvunjia kibanda.

— Hapo hujamwelewa mwenzio, Waziri akadakia. Wafungwa mia tano ni vichwa mia tano, na vyote vinyolewe. Wale wazee nitawanyoa nini, upara?

— Kisha mfungwa akitoroka, atakimbia, Methali akasema. Akikimbia, soli itaachia. Atashonewa wapi?

— Mtoro asimame kwako ashonewe kiatu?

— Haraka haraka haina baraka. Lazima asimame.

Waziri akasogea karibu, akashusha sauti kana kwamba barabara nzima ilikuwa imetega sikio.

— Mimi nimedokezwa kuwa si gereza la wezi wa kuku. Ni la mabosi watupu. Ndiyo maana wametaka jengo lenye bustani.

— Na mimi nimesikia wazee hawaendi popote, Methali akasema. Watabaki humohumo wawe askari jela. Mzee halali. Nani atamtoroka mtu asiyelala?

Mama Mashuka alitaka kucheka, akaona machozi ndiyo yako karibu. Akasimama aende peke yake. Ndipo geti likafunguka.

Alitangulia Shangazi, na fimbo yake ya miguu minne, amevaa gauni la bluu ambalo dobi mwenyewe alilipiga pasi mwezi uliopita bila kuuliza la nini. Nyuma yake walifuata wengine arobaini na wawili: wenye viti vya magurudumu, wenye magongo, na bibi mmoja asiyeona aliyemshika bega babu mmoja asiyesikia. Walifika benchini wakasimama kupumua.

— Shangazi, mnakwenda wapi?

— Mkutanoni. Tangazo limebandikwa kwenye geti letu. Limesema wakazi wote wa eneo hili wafike.

— Mama, Waziri akasema kwa upole, wakazi hapo maana yake watu wa mtaani.

— Na sisi ni nani?

Ni kweli kwamba mle ndani Matroni, msimamizi wa Nyumba, alikuwa amepiga marufuku kuwaita wazee wagonjwa, akapiga marufuku kuwaita wasiojiweza. Wote ni wakazi. Hata juu ya bomba la bwalo la chakula imeandikwa: wakazi wanawe mikono.

— Miaka kumi na moja naitwa mkazi, Shangazi akasema. Kwenye foleni ya dawa ni mkazi, kwenye kuhesabiwa vitanda ni mkazi. Leo naitwa kutoa neno, ndiyo nimekuwa mpita njia?

Kisha Methali akaweka kikombe chini, akashika kiti cha magurudumu kilichokuwa karibu naye, akaanza kusukuma.

Ukumbini kulikuwa na watu kumi na wawili wa mtaani na ofisa mmoja mwenye fomu. Wazee walipomaliza kuingia, viti havikutosha. Ofisa aliwakaribisha vizuri, akaeleza kuwa kura ni ya wakazi, wao wakae tu wasikilize.

— Mwanangu, soma tangazo, Shangazi akamwambia. Kwa sauti, wengine hatusikii.

Akasoma. Wakazi wote wa eneo hili wafike; wengi wakipinga, serikali itatafuta jengo lingine. Alipofika kwenye "wote" akapunguza mwendo. Hapo Waziri akainuka, na Mama Mashuka akafumba macho, maana alijua mtu yule hajawahi kuupinga mhuri.

— Mheshimiwa, mimi ni mtu wa serikali damu. Serikali haikosei. Kama imeandika wote, basi ni wote. Au unasema imekosea?

Ofisa alijikuna kichwa. Akaomba wanaopinga wainue mikono. Iliinuka arobaini na mitatu, mingine ikitetemeka, mmoja ukiinuliwa na jirani yake. Kisha ukainuka wa dobi, wa kinyozi, na wa fundi viatu.

— Wengi wape, Methali akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake methali ikakaa pale ilipotakiwa.

Ofisa akaandika "Wengi wamepinga", akagonga mhuri, akatangaza kuwa jengo litabaki kwa wenyewe. Ukumbi ulilipuka. Mama Mashuka alilia waziwazi bila kutafuta kitambaa. Wakati wa kurudi magari yalisimama pande zote mbili, na msafara wa magurudumu ukavuka taratibu, kifua mbele, babu asiyesikia akiwapungia madereva waliokuwa wanapiga honi.

Kijiweni, kahawa iliisha duru ya kwanza. Waziri akatoa hata kiti cha kunyolea.

— Shangazi, nilishindwa kukuambia, dobi akasema.

— Kuniambia nini? Dirisha langu si lile pale? Miaka yote nawasikia mkiongea pumba, na siwezi kujibu. Yule Methali hasa, ananinyima usingizi.

Akaikita fimbo yake mbele ya benchi.

— Sogeeni.

Wakasogea.