Baiskeli za Mchele

Kijiwe chetu hapa Palma ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha Dauto, fundi baiskeli, na birika la kahawa ni langu. Kwa hiyo nalazimika kusikia upuuzi wote wa mji huu kabla jua halijapanda. Dauto tunamwita Spoki kwa wembamba wake. Sufo ni Doutor, yaani daktari, maana aliwahi kufagia zahanati. Abudo ni Redio, na hazimwi. Siku hizi hawana hoja nyingine ila Selemane, aliyechaguliwa na wageni wa kutoka Maputo aendeshe baiskeli pamoja nao hadi Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, ili watu wenye huruma wachange mchele kwa ajili ya waliokimbia vita, walio kambini. Kabla ya vita Selemane alikuwa akipeleka samaki wakavu Pundanhar kwa baiskeli na kurudi na muhogo. Nilidhani mtu kama huyo hana la kufundishwa. Asubuhi moja akaja anachechemea, goti limechubuka, akaegemeza baiskeli mpya ukutani na kukaa bila hata kutusalimia.

— Umeanguka tena? akauliza Spoki.

— Nimeanguka.

— Wapi?

— Kwenye lami. Hapana hata shimo.

Tulicheka mpaka Doutor akamwaga kahawa. Maana tatizo tunalijua. Selemane tangu aanze kupanda baiskeli hajawahi kupanda iliyo tupu. Kila siku nyuma yake pana gunia. Sasa wageni wamempa baiskeli nyepesi, haina karia, haina hata kengele, na inamponyoka mikononi kama mbuzi wa sadaka.

— Mimi nimeshasema, akasema Spoki. Nichomelee karia hapo, tufunge gunia la mchanga. Utaona itakavyotulia.

— Ricardo kakataa, akasema Selemane. Anasema mzigo unaniua nguvu.

Huyo Ricardo ndiye mkubwa wa hao wageni.

— Ricardo anajua nini? Gunia ndilo linalomshika mtu barabarani. Mtu asiye na mzigo huenda wapi? Anazurura tu.

— Tatizo ni chakula, akasema Doutor. Ale ndizi. Mbili kabla, moja njiani, na maji yenye chumvi. Ndizi inashuka moja kwa moja kwenye mapaja.

— Nani kakwambia?

— Nimefanya kazi hospitali, bwana!

— Ulikuwa unafagia!

— Nafagia huku nasikia.

Redio akasogea mbele. Akisogea hivyo, ujue mwenye akili timamu aondoke.

— Nyie mnahangaika na ndizi. Hamjajiuliza kwa nini waendeshe baiskeli. Mchele si uko dukani? Si wanunue, wapakie lori, walete? Mtu anatoka Maputo na suruali ya kubana kuja kutoka jasho huku, halafu ndipo mchele utoke? Kwenye kofia zao mna kamera. Barabara inaonekana Ulaya, watu wamekaa sebuleni wanabashiri kwa pesa nani ataanguka.

— Basi Selemane atawatajirisha, nikasema.

— Hapana, ni tiba, akasema Doutor. Mtu akila sana mjini damu inakuwa nzito. Inabidi aumie kidogo kwa ajili ya mwenzake, ndipo ilegee. Wanakuja kulegeza damu zao kwenye shida yetu.

— Mimi nasema wanapima barabara waiuze! akapaza sauti Redio. Na wakishaiuza, kupita kwenda kuzika ndugu yako utaomba ruhusa!

Selemane hakucheka. Alikuwa anashika goti lake.

— Kuanguka si shida, akasema. Shida ni moyo. Nikiamka sitaki. Baiskeli naiona pale, mwili unakataa. Nimemwambia Ricardo. Akasema kila asubuhi nifumbe macho nijione nafika Pemba, watu wanapiga makofi.

— Na unafumba?

— Nafumba. Naona siku ile tuliyokimbia vita kwa barabara hiihii. Mama nimempakia kwenye karia, kashika godoro, mtoto wa jirani yuko mbele kwenye bomba. Usiku na mchana. Siku ile sikufanya mazoezi, wala sikula ndizi. Tena sikuanguka.

Hapo mimi nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Mtu ameiendesha barabara ile na mama yake kwenye karia na hakuna aliyempigia makofi, leo anafundishwa namna ya kupata moyo.

— Basi waache, nikamwambia. Warudishie chombo chao.

— Siwezi, kaka. Wanaochanga wanataka kumwona mtu wa huku. Ricardo kasema nisipofika, wengi watafunga mikono. Na shangazi yangu yuko kambini. Wanakunywa uji mara moja kwa siku. Wakikosa mchele kwa ajili ya goti langu, nitapitaje pale?

— Na usalama njiani? akauliza Spoki, sasa kwa sauti ya chini.

— Huo upo. Askari mbele, askari nyuma, magari mazima mazima. Kila kipande mpaka tufike. Ricardo kahakikishiwa na wakubwa.

— Eeh, hapo sawa! akasema Doutor. Hapo hata mimi ningeendesha.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama pembeni na gurudumu la toroli lililopasuka, anasubiri Spoki amalize kubwabwaja. Tulimjua kwa sura na jina tu. Ni Alima, mmoja wa hao walio kambini, na toroli ndiyo wanayochotea maji.

— Shikamoo mama, lete nione, akasema Spoki.

— Marahaba. Naomba kuuliza kwanza. Hao askari watakaosindikiza baiskeli ni hawahawa wa hapa?

— Ndio mama, akajibu Selemane.

— Mashamba yetu yako kule njia ya Pundanhar. Muhogo umekomaa, unaozea ardhini. Tumeomba tusindikizwe siku moja tu, tuung'oe turudi. Tumeomba mpaka tumechoka. Tunaambiwa askari hawatoshi. Sasa hawa wa baiskeli wametoka wapi?

Redio akaninyooshea kikombe nimwongezee kahawa. Spoki akachukua gurudumu, akaanza kutafuta pancha kwa bidii ambayo sijapata kuiona kwake.

Selemane ndiye aliyesimama.

— Mama, basi nisiende?

Alima alimtazama goti, akaitazama na ile baiskeli nyepesi pale ukutani.

— Nenda mwanangu, akasema. Mchele tutaula. Tutafanyaje?

Spoki alipomaliza kuziba, akapokea gurudumu lake, akashukuru, akaondoka. Muda wa mazoezi ulifika, ukapita, na hakuna kati yetu aliyemkumbusha Selemane.