Mama Cansilde na Waliofunga Mabegi Mapema

Inatangazwa rasmi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, kwamba kuanzia Ijumaa tarehe 26 Juni 2026 dirisha la ofisi litaruhusiwa kufunguliwa. Siku hiyo Mama Cansilde Kampire, adui mkuu wa upepo wa ziwani, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha msaada wa sheria hapa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo.

Alianza mapokezi. Akasoma sheria jioni, akapewa meza ya vijana wanaotaka kuhama kwao kabla ya kutimiza miaka kumi na minane. Hakumkaripia hata mmoja. Aliwapa chai, kisha ukweli: chumba hutapangishwa kwa saini yako, mpaka wa kwenda Goma hutavuka bila karatasi ya mzazi, na baba yako, hata mkigombana vipi, bado sheria inamtaka akulishe na kukusomesha. Wengi walimaliza chai wakarudi nyumbani. Waliokuwa wakipigwa hakuwarudisha. Aliwapeleka polisi mwenyewe, akahakikisha wamepata mlezi anayetambuliwa. Mmoja wao, binti kutoka kijiji cha Cyanzarwe, leo ni muuguzi na bado humletea viazi.

Mama, asante. Nenda kwako Nyundo ukalime, ulale mchana, na simu zetu usizipokee.

Sasa niseme ukweli. Taarifa yetu ya mwaka juzi inasema kituo kilipatanisha “familia moja ya Rubavu”, wilaya yetu hii. Familia hiyo ni yangu. Mimi Viateur, mwandishi wa kijitabu chetu cha kuwashauri vijana wasihame ovyo, nilikataa kumsainia binti yangu Teta, wakati huo wa miaka kumi na sita, asomee uchoraji. Akaondoka. Nikazunguka mpakani na picha yake, nimevaa viatu visivyofanana, hadi Mama Cansilde akapiga simu: “Mutoto iko kwangu, amekula, na ofisi ya serikali ya sekta nimewaambia. Kuja, lakini kuja pole.”

Akanikalisha kiti cha wateja. “Bon, Papa Teta, leo we si mukubwa wa kazi. We ni muzazi tu. Sikiliza mutoto.”

Teta alikuwa na kijitabu changu mkononi. Alikifuata hatua kwa hatua: cheti cha kuzaliwa begini, usipange chumba, usivuke mpaka, nenda kwa mtu mzima unayemwamini. Nilikuja kugomba, nikacheka, kisha nikalia.

Nilisaini. Sasa yuko mwaka wa pili, na Jumapili huja kula nyumbani bila kuitwa.