Bwana Rai Garama, Mchora Ramani Aliyeuliza Jikoni Kwanza

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1973, Bwana Rai Garama atakabidhi funguo za kabati la ramani na kustaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya majenzi hapa Kwale kwa miaka ishirini na sita. Alipoingia alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Kinango, mwenye mwandiko mzuri na kofia iliyomzidi kichwa. Mwandiko ungali mzuri. Kofia sasa imemkaa sawasawa.

Alianza kwa kunakili ramani zilizochorwa na wengine: nyumba za walimu, zahanati, ghala za pamba. Baadaye akapelekwa Nairobi kusomea kazi, akarudi mchora ramani kamili, akapewa meza ya dirishani ambayo hadi leo hakuna aliyethubutu kuikalia.

Ninyi mliokuja nyuma mnamjua kwa ustadi wake, kwa hiyo si vibaya mkasikia habari ya kitanda. Nyumba yake ya kwanza aliichora kwa ajili ya karani mmoja aliyekuwa karibu kuoa. Ramani ilipendeza hata ikabandikwa ukutani ofisini. Nyumba ikaisha, chokaa ikakauka, na siku ya kuingiza vyombo vya bibi harusi, kitanda cha samadari kikafika kwenye kona ya ukumbi kikakataa kupinda. Kikajaribiwa kwa ubavu, kikajaribiwa kwa kichwa, kikajaribiwa miguu juu. Vigelegele vikakatika. Mwishowe ukuta ulibomolewa, na Bwana Rai akavua shati akaukanda udongo wa kuuziba kwa mikono yake, huku shangazi za bwana harusi wakimwimbia nyimbo ambazo jarida hili haliwezi kuzichapa.

Tangu hapo hakuchora nyumba ya mtu kabla ya kuitandika chini kwa kamba na vigingi, kwa ukubwa wake ule ule, na kuwaomba wenyewe waingie wakae humo asubuhi nzima kama wanaoishi. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika ncha ya pili ya kamba, kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyaona.

Uhuru ulipokuja, kila mtu alitaka kujenga. Watu walikuwa na furaha, na furaha ilitaka paa la bati. Bwana Kenga, aliyerudi kutoka kufanya kazi Limuru, alitaka sebule yenye meko ya ukutani ya kuotea moto, kama aliyoiona kwa tajiri wake. Sisi wengine tuliinama tukacheka viganjani. Bwana Rai hakucheka. Alimwomba awashe moto pale pale ambapo meko yangekaa, avute kiti, aote. Ilikuwa mwezi wa Machi, jua la utosi. Bwana Kenga aliota kidogo, akafuta uso, akasema, "Bwana Rai, naona hapa tutie kidaka cha ukutani cha kuwekea redio." Kidaka kikatiwa, na redio imo mpaka leo.

Lakini kazi tunayoikumbuka kuliko zote ni ile ya Msambweni, kwa Bwana Boga Chirau, mwenye duka.

Bwana Boga alikuwa na wake wawili, Bi Mwanapili na Bi Esha, katika nyumba ya udongo aliyoachiwa na babake. Wake hao walikuwa hawasemezani kwa muda mrefu. Ugomvi wao ulikuwa wa jikoni, na hakuna aliyeweza kueleza ulianzaje. Wazee walisuluhisha, ndugu walisuluhisha, ukazimika ukawaka tena. Ikafika hadi Bi Esha akafunga nguo zake na kusema kwamba mvua zikiisha anarudi kwao Munje. Bwana Boga akaamua kwamba dawa ni kubomoa kila kitu na kujenga nyumba kubwa ya mawe. Yeye na fundi Menza walishaafikiana: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko moja kubwa nyuma. Alikuja ofisini kutaka muhuri tu.

"Ramani ya nini?" alisema. "Fundi anayo kichwani."

Bwana Rai akamkaribisha kiti. "Na wenye nyumba wameiona?"

"Mwenye nyumba si mimi?"

"Ni wewe, Bwana Boga. Lakini wewe mchana kutwa uko dukani. Nauliza wanaoshinda ndani."

Tukaenda Msambweni. Tukaitandika nyumba ile ya kwenye kichwa cha fundi Menza katika kiwanja cha jirani, kila chumba na mlango wake. Majirani walijaa kutazama watu wazima wakicheza kibaba na kimama. Bwana Boga akawekwa sebuleni na wageni wake wawili. Bi Mwanapili na Bi Esha wakaombwa waende jikoni. Wakaenda, kila mmoja akasimama pembeni kwake, wakipeana visogo. Kisha Bwana Rai akawasha moto wa makumbi ya nazi pale penye jiko.

Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Moshi ukanyooka kupitia ukumbini, moja kwa moja hadi sebuleni. Wageni walivumilia kwa adabu. Bwana Boga alikohoa, akakohoa tena, akaruka kamba akatokea nje.

"Bwana, usipite ukutani!" Bi Mwanapili akampigia kelele. "Pita mlangoni!"

"Mlango wenyewe utauona wapi kwa moshi huu?" akadakia Bi Esha.

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Wake wale wawili nao walicheka, kisha wakanyamaza ghafla, kama waliokumbuka kwamba hawachekeani.

Bwana Rai hakuuacha ule upenyo ukazibika. Aliwauliza kwa upole, mbele ya wenyewe tu bila majirani, wamwonyeshe jiko la zamani. Akamwomba kila mmoja akae anapokaa siku zote. Bi Mwanapili akavuta kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi, akaketi mlangoni kabisa. Bi Esha akasimama nje na ndoo ya maji.

"Basi ndiyo hivi, kila siku," alisema Bi Esha. "Nikimwomba anipishe, aniona namfukuza. Nikimruka, aniona sina adabu. Mlango ni mmoja, na dada kaukalia. Amenifungia."

"Nimekufungia?" Bi Mwanapili aligeuka. Aliipapasa ile mbuzi kati ya magoti yake. "Mimi nakaa hapa kwa ajili ya mwanga, Esha. Huko ndani sina ninaloliona. Nazi naikuna kwa kupapasa. Chumvi naionja mara tatu nisije nikakuaibisheni mbele ya wageni. Macho yangu hayapo."

"Hukusema."

"Ningesema nini? Mke asiyeona chungu chake?"

Bi Esha akaitua ndoo. Alikaa chini, pale pale kizingitini, bega kwa bega na mke mwenzake, akaichukua ile mbuzi akaanza kuikuna nazi. Bwana Rai akanifanyia ishara, tukatoka uani tukajifanya tunapima shimo la taka.

Jioni alimweleza Bwana Boga kwamba nyumba ya babake ina kuta imara na haina haja ya kubomolewa. Jiko lihamishwe upande ambao upepo utautoa moshi nje. Litiwe dirisha pana la kutazama mashariki, na milango miwili, mmoja wa uani na mmoja wa kisimani. Paa liinuliwe, joto lipate pa kutokea. Chumba kimoja kiongezwe.

Bwana Boga alinywea. "Na watu watajuaje kwamba nimejenga?"

Hapo Bwana Rai akamchorea baraza ya mawe mbele ya nyumba, ndefu, yenye nguzo mbili zilizopakwa chokaa, ya kuonwa na kila apitaye barabarani. Bwana Boga aliitazama ramani ile hadi chai ikapoa, kisha akasema, "Nguzo ziwe nne." Zikawa nne.

Fundi Menza mwanzoni alinuna, maana aliona kazi imepungua. Lakini ndiye aliyelitoboa lile dirisha kwa nyundo yake, na ndiye aliyekuwepo Bi Mwanapili alipokaa chini ya dirisha hilo kwa mara ya kwanza, akautazama mchele kwenye ungo, akaanza kuchagua changarawe moja moja. "Hii naiona," alikuwa akisema. "Na hii naiona." Fundi alitoka nje akasema vumbi la ukuta limemwingia machoni. Tangu mwaka ule, mtu akimwendea kutaka nyumba, humuuliza: "Umeshapita kwa Bwana Rai?" Na asiyepita, anarudishwa.

Bi Esha alifungua nguo zake akazirudisha kabatini. Siku hizi wake hao wanapika mahamri pamoja, ya kuwauzia wanaokwenda kutazama wagonjwa hospitalini, na tukienda kazini kusini hatuwezi kupita pale bila kuitwa. Wanagombana, ndiyo, kwa sauti kubwa na kwa raha, kama watu wanaosemezana.

Ofisi yetu imejenga mengi tangu wakati huo, na Bwana Rai ametufundishia wachora ramani wanne, wawili kati yao wamekwisha kuhamia Mombasa kwa vyeo. Hakuwafundisha kuchora nyumba nzuri. Aliwafundisha kuuliza nani anaamka wa kwanza, nani anaumwa goti, mgeni akija usiku analala wapi. Aliwaambia fundi mwema anaweza kukujengea chochote utakachomwambia, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu watu wengi hawajui wanachotaka mpaka mtu akae nao awasikilize.

Sasa anarudi nyumbani Kinango kwa mkewe, Bi Mbodze, ambaye kwa miaka yote hii ameishi katika nyumba iliyojengwa na shemeji yake kwa kukisia. Bi Mbodze alipotutembelea mwezi uliopita alituambia bila kuficha: "Niachieni haraka. Nami nataka mchora ramani." Tumesikia kwamba Bwana Rai amekwisha kumpelekea mchoro wa kwanza, na kwamba umerudishwa. Wa pili pia umerudishwa. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, ameomba ushauri wetu, nasi tumekataa kumpa.

Bwana Rai, ahsante kwa kazi, kwa subira na kwa vicheko. Ahsante kwa niaba ya watu wanaolala pazuri wilaya nzima bila kujua ni nani aliyewaza dirisha lao likae wapi. Mola akupe nguvu za kuijenga nyumba ya Bi Mbodze kama atakavyo yeye, na umri mrefu wa kukaa naye ndani yake.