Viatu Nilivyovifuta Kwenye Ushuhuda wa Mama Kavira

Ndugu zangu, jina la Yesu litukuzwe ndani ya nyumba hii, na munivumilie, maana tangu asubuhi siwezi kutulia kwenye kiti. Mumeniomba niwafundishe vijana namna ya kuandika shuhuda za kijarida chetu. Mimi ni mwalimu, naweza kuwaeleza habari za nukta na aya mpaka muchoke. Lakini leo nitawaambia namna nilivyomuzika mutoto muzima kwa biki, kalamu yangu hii, na namna Mungu alivyonitoa humo.

Nilikuwa na ugonjwa. Nilipenda mwisho. Mutu akinisimulia maisha yake, masikio yangu yanatafuta tu mahali pa kuweka Amina. Na mwisho usipokuwepo, ndugu zangu, nilikuwa nautengeneza.

Mama Kavira munamujua, yule anayeuza maharage hapa mtaani kwetu Ndosho. Siku ya volkano walikimbia kutoka mtaa wa Mapendo, yeye, mume wake na mutoto wao Kavira, miaka saba, miguu mitupu. Kwenye msukumano mutu mwema akamupakia mutoto kwenye kamio, lori la mizigo, na kamio ikaelekea Rutshuru. Papa yake akarudi nyumbani, akachukua viatu vyekundu vya Kavira, akamufuata. Kisha waasi wakashuka, barabara ikafungwa, na habari za wote wawili zikakatika.

Mama alinisimulia hayo akichambua maharage. Aliniambia hata kwamba Kavira halali kabla hajageuza viatu vya watu wote vielekee mulangoni, sababu ni mutoto aliyezoea kukimbia vita. Hiyo niliifuta. Niliona ni jambo dogo, linapunguza uzito. Mahali pake nikaandika kwamba Kavira amepumzika kwa Bwana, na mama amepokea amani. Sikumuuliza. Nilijisifu, nikachapa.

Mungu wangu! Kijarida kikafika Butembo kwa familia ya mume, wakakaa matanga. Ndugu waliokuwa wanaulizia kwa madereva wakaacha kuulizia. Hapa kwetu wamama wakaacha kumuita Mama Kavira, wakawa wanasema "mama" tu, kwa sauti ya chini. Na sisi, ndugu zangu, sisi tuliokaa humu, tukafuta jina la mutoto kwenye orodha ya maombi. Mimi ndiye niliyeongoza sala siku hiyo.

Mama Kavira akanijia nyumbani na kijarida mukononi. Hakupiga kelele.

"Mwalimu, mutoto yangu hajakufa. Ni weye ulimuua, na biki yako. Sasa mufufue."

Nilimuomba Mungu aniondolee kabisa kazi ya kuandika, naye hakuondoa. Alinirudisha kwa Mama Kavira, nikakaa kwenye kigoda, kaye, lile daftari langu, juu ya magoti. Akaniamuru niandike vile anavyosema, basi. Nilipotia maneno matamu juu ya uzuri wa mutoto, akanifutisha. Nikaandika umri, kovu la goti la kushoto, na vile viatu anavyovigeuza. Mwisho sikuweka. Niliacha nafasi nyeupe pale chini, na nafasi ile ilinichoma macho.

Papa Saidi, dereva Muislamu wa mtaa wetu, alithubutu kupita ile barabara na karatasi yangu mfukoni. Alipofika Kalengera, kwenye njia ya Rutshuru, aliomba isomwe msikitini, kisha isomwe na kanisani. Kule kanisani mama mmoja akasimama. Jina hakulijua, maana mutoto alifika kwake akiwa haongei. Kovu hakuwahi kuliangalia.

Alisema, "Huyo wa viatu ni wetu. Kila jioni anatugeuzia."

Habari ilinifikia darasani, nikalia mbele ya wanafunzi wangu, mutu muzima! Kavira akarudi ndani ya kamio ya Papa Saidi.

Sasa mutasema mwalimu amepata mwisho wake. Sina. Papa yake Kavira hakufika Kalengera, na hatujui yuko wapi. Mukono unaniwasha kuandika sentensi moja tu ya kufunga habari yake, mupumzike, nami nipumzike. Bwana ndiye anayenizuia kila siku. Nyinyi munaotaka kuandika, kile mutu anachotaja akichambua maharage, musikifute. Na pale Mungu hajafunga, musifunge. Itawawasha. Iwawashe tu, nanyi mumutumaini, maana mimi nilimukosea na bado akanirudishia mutoto.

Ninamushukuru, na badala ya Amina ninawasomea hii karatasi ya papa yake. Mwanaume mrefu, jino la mbele limevunjika, akitembea anapiga mluzi. Amebeba viatu vyekundu vya mutoto. Aliyemuona popote, asimame sasa.

Na kama hakuna, haya, mukitoka mutakuta viatu vyenu mulivyoviacha pale mulangoni vimegeuzwa vyote kuelekea barabara. Ni Kavira. Musimugombeze. Muvivae, mukamutafutie papa yake.