Papa Phinées Kahongya, Aliyewaita Wageni kwenye Foire

Papa Phinées Kahongya alizaliwa Kirumba tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa Papa Syauswa na Mama Agar. Tulitaka alale kando ya wazazi wake. Vita imefunga njia, ndiyo maana tunamzika hapa Butembo, na inatuuma.

Alisoma Kirumba, kisha Kayna, akapata diploma mwaka 1991. Tarehe 9 Agosti 1997 alimwoa Abigaïl Kavira. Barua yake ya uchumba aliiandika kwa kusahau tarehe ya mwaka uliokwisha pita. Mama Abigaïl angali anayo, na bado anacheka.

Tangu 2013 aliwaandikia wafanyabiashara wa Kampala, Nairobi, hata Guangzhou, waje kuonyesha bidhaa zao kwenye foire, maonyesho ya biashara ya Butembo na Beni. Wengi waliogopa. Mbishi yule aliandika tena na tena mpaka wakakubali.

Julai 2017 aliwaahidi Waganda saba kwamba wanajeshi wangewasindikiza kutoka mpakani Kasindi saa mbili asubuhi. Hakuandika ni saa ya wapi. Uganda wametutangulia kwa saa moja. Kila mtu wa mpakani anajua hilo, yeye akasahau. Wageni wakaondoka saa mbili ya kwao, kwetu ikiwa saa moja. Muyisa, dereva mmoja wa pale Kasindi, akapiga simu: “Papa Phinées, bageni bako bashapita! Basoda bado!”

Alipanda pikipiki kutoka Beni kuwafuata. Simu zao hazikupatikana, na mbele risasi zililia. Aliwakuta wamejificha katika depo ya kakao, gari limeungua, wote saba wazima. Wenzake walitaka aseme wageni ndio waliokosea saa. Alikataa: “Kosa ni yangu.” Tangu hapo hakuna mgeni wake aliyevuka bila kumkuta amesimama Kasindi.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2024. Alilazwa Januari, waonyeshaji ishirini na wawili wakiwa wamekubali kuja. Akaniagiza mimi, mdogo wake Éliakim, niwaandikie wasivuke. Nilikasirika, nikamwambia kaka yangu:

“Yaya, mais foire itakufa!”

“Ikufe. Batu babakie bazima.”

Alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi. Barua nilikuwa bado sijaituma, naona haya kulisema. Niliituma mchana huo.

Ameacha mjane, Mama Abigaïl; watoto Sadrack, Bénite na Ariel; wajukuu wanne; na mimi.

Mungu amlaze pema. Yaya, wote ishirini na wawili wamejibu. Wako kwao.