Msinisugue, Wanangu

Hebu fikirini chumba hiki hiki, wanangu, mimi nimelazwa juu ya ubao wa kuoshea maiti, roho imeshatoka, na nyinyi wawili mmesimama huku na huku, Ghita na glovu yake ya kusugulia, Kenza na ndoo ya maji, mnagombana juu ya kifua changu. Ndiyo maana nasema sasa, kabla sauti haijakwisha. Sikilizeni, wala msinikatize.

Sina hofu. Hata huzuni sina ya maana. Tangu ugonjwa huu uanze kunivua ngozi, mambo mengi nayatazama kama ya jirani. Nyumba igawanywe kama sheria inavyosema. Kenza, ugomvi wako na shangazi yako juu ya kile kisima uishe leo. Mpelekee kuskusi Ijumaa, ukae ule naye. Lililobaki ni kuoshwa kwangu.

Ghita, mwanangu, wewe umekulia hamamuni, kwenye bafu la mtaa, ukiwasugua watu. Wanawake wa mtaa wetu hapa Meknes, migongo yao yote imepita mikononi mwako, na kwako wewe mtu asiyesuguliwa kwa sabuni nyeusi mpaka taka zikamtoka kama tambi, huyo hajaoga. Juzi ulinigusa bega kwa glovu ile, kidogo tu, na ngozi ikaja nayo. Mimi sikulia. Uliyelia ni wewe, ukasema, "Nimeosha mama za watu wote, leo mama yangu mwenyewe nimwache aende na taka zake? Watu watasemaje?" Na wewe Kenza, ulimi wako tunaujua, ukamjibu: "Wewe huoshi, dada, unaparua sufuria! Mwache mama wa watu." Nilitaka kucheka, midomo ikagoma.

Basi nisikilize kama walivyonisikiliza watoto niliowasomesha Kurani chuoni, nitakwenda polepole. Maji hayakuwekwa ili yatuumize. Aliye hai, kidonda chake kikidhuriwa na maji, hupangusa juu ya bendeji. Asiyeyaweza maji kabisa hutayamamu, kama mnavyoniona nikipiga viganja juu ya jiwe langu la dirishani, na swala yangu ni swala. Maiti naye ni vivyo hivyo. Nilimuuliza fakihi, akanijibu Kenza akisikia: ngozi ikistahimili, nimiminieni maji bila kusugua, ikianza kubanduka, wekeni maji chini, mpige viganja juu ya jiwe, mnipake uso, kisha mikono mpaka viwiko. Basi, nimeshaoshwa. Hakuna kilichopungua.

Na atakayefanya ni wewe, Ghita. Simpi mwingine. Majirani wakinong'ona, waambie mama alikataza mwenyewe.

Nipeni maji... hapana, nilowesheni midomo tu.

Sanda iwe pamba laini. Msinifunge kwa nguvu penye vidonda. Kenza, wewe ushike kichwa, na siku hiyo usimtanie dada yako, hata kidogo.

Nimewaridhia. Nyote wawili. Mungu awape afya ya mwili, awape... kuvumiliana. Amina, semeni amina.

Ghita, sogea. Sauti inakwisha. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, mwanangu: mkono wako mtupu unanitosha.