Mkwe wa Sajini Saverio

Kijiwe chenyewe kilikuwa taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili huko Namuwongo, mbele ya kibanda cha Joska, muuza kahawa ya tangawizi. Watu wa pale walikuwa wamezoea kuongea huku jicho moja liko barabarani; gari la askari likichomoza, maneno yanageuka kuwa ya mpira. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, miaka mitatu tangu Wahindi wafukuzwe. Sajini Saverio, polisi wa Naguru, Mwacholi na Mkatoliki, alikuwa akisimulia maisha yake yawe kitabu. Oketch, Mkenya muuza vyerehani, alikuwa akimsikiliza kisha anaenda kupiga taipu kwake. Shemeji yake Oketch alikuwa na mtambo wa kuchapa huko Kisumu. Sura ya utoto ilikwisha, ya mafunzo ya upolisi ikaisha. Jumamosi hiyo walifika kwenye ndoa, na Saverio akakwama.

Mkewe, Kaltumi, alikuwa Mwislamu, binti wa mama wa Gulu na Mhindi mwenye duka, mzee Valimohamed. Siku ya ukaguzi wa Wahindi waliokuwa wakifukuzwa, ofisa alimwuliza Kaltumi huyu Mhindi ni nani wake. Mtoto akiwa mgongoni, mume wake amesimama pale pale na sare zake, akajibu: “Tajiri wangu. Mimi Mnubi, Mwislamu wa hapa hapa, namfulia nguo.” Mzee akainamisha kichwa. “Kweli,” alisema, “na pasi hajui kupiga.” Ofisa akacheka, akamwacha Kaltumi aende zake. Mzee akaenda Uingereza peke yake.

— Sasa niseme nini? aliuliza Saverio. Nikisema kweli, mtu mbaya akasoma, bibi yangu anachukuliwa.

— Sema kweli, alijibu Oketch. Mficha uchi hazai.

— Huyu amezaa watatu tayari, alidakia Ogwal, fundi baisikeli waliyemwita Redio kwa kuwa habari hazikukaa tumboni mwake. Sikia, Sajini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyo muzee mufanye Mgoa. Wagoa ni Wakatoliki kama weye, ndoa inakuwa safi.

Cleopas, aliyefundisha katekisimu na kuitwa hivyo hivyo Katekista, alitikisa kichwa.

— Wagoa nao walikwenda, ssebo. Mfanye Mwarabu wa Tabora. Nani atakwenda Tabora kuuliza? Na Kaltumi mbatize ndani ya hiyo kitabu. Mwite Katarina. Watoto wanasali wapi?

— Wawili kanisani. Mdogo anakwenda msikitini na mama yake.

— Huyo mdogo ni taabu kueleza. Mwache nje.

— Nimwache mtoto wangu nje?

— Nje ya kitabu tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Saverio aliitafuta maana ya jembe hilo asiipate.

— Mimi naona hata bibi asiwepo, alisema Redio, sasa amechangamka. Sema hukuoa. Kapera. Unakaa na paka pale Naguru... Express wanacheza na nani kesho?

Landrova ya askari ilipita polepole. Walibishana kuhusu golikipa mpaka vumbi lilipotua. Saverio aliwaza jinsi nyumba yake ilivyohamishwa mbele ya macho yake: kwanza mkwe, kisha mtoto, kisha mke, mpaka akabaki na paka ambaye hakuwahi kumfuga.

Kaltumi alikuwa ametoka sokoni, amesimama nyuma yao na kikapu. Kwa muda gani, hawakujua. Wanawake hawakuwa wakikaa kwenye taruma lile. Yeye alikaa.

— Wazee wangu, nisaidieni, alisema. Baba yangu alikubali kuwa tajiri wangu ili mimi nibaki na watoto. Siku akisoma hiki kitabu huko aliko, atajikuta ni nani?

Katekista alitazama ndani ya kikombe. Oketch alikuna shingo.

Saverio alimtazama mkewe, kisha akamgeukia Oketch.

— Oketch, andika hivi. Mkwe wangu ni Valimohamed, Mhindi, Mwislamu, na mtoto wangu mdogo nimempa jina lake.

— Na niipeleke Kisumu?

— Kisumu itangoja. Kweli iandikwe sasa na watu wake wote ndani. Kitachapwa siku ambayo hakitamuua mtu.

— Na kama siku hiyo ni mbali, Baba Ocen? Kaltumi alimwuliza, akimwita kwa jina la mmoja wa watoto wao.

— Itatukuta tumeandika.

Joska alimmiminia kahawa bila kuombwa. Kaltumi aliipuliza, akanywa kidogo, akamgeukia Oketch.

— Usianze na duka, shemeji, kila mtu anaanza na duka. Baba alimpenda mama yangu. Anza hapo.